Kivuli Kwenye Pamba

Nyasubi, Jumatano, saa kumi jioni

Kabula mwanangu,

Mama yako ameshakuagiza yote ya kuagizwa. Fedha ndogo weka huku, kubwa weka kule, simu usiishike dirishani basi likisimama, ukifika piga, na usipopiga atapiga yeye na utajuta. Amekufungia michembe, viazi vyake vilivyokaushwa, ya kutosha kulisha basi zima pamoja na kondakta wake. Kwa hiyo mimi sina cha kuongeza hapo. Nimebaki na jambo moja tu, na si la kuagiza. Ni la kukiri.

Umekwenda kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mpaka ule ugali wa pili. Nimepata nafasi. Nimekaa barazani na kalamu yako ya bluu, ile uliyotutangazia kwamba atakayeigusa atakuona. Basi nimeigusa, utaniona.

Katika lile daftari lako la jalada la kijani, unalolibeba kama mtoto mchanga, kuna ukurasa wenye jina langu juu. Umeandika kwamba masikio ya baba yako, mtu aliyesimama kando ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu miaka kumi na minane, ni mazima kama ya kijana. Mwanangu, ukurasa ule ni wa uongo. Uongo wenyewe si wako, ni wangu. Na kurasa za wenzangu wanane zinazofuata nazo ni hivyohivyo, na hao wanane niliwafundisha mimi.

Kesho unapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa wale watafiti wa sauti waliokupa kazi, na wamekuambia uje na daftari. Siwezi kukaa kimya ukalifungua mbele yao.

Utauliza kwa nini sikukwambia ana kwa ana, kama mwanamume. Ni kwa sababu nikisema utajibu. Utajibu haraka kama mama yako, huku umegeuka unakunja nguo, nami nitashika nusu ya maneno na nusu nyingine nitaijaza mwenyewe. Nimejaza nusu nyingi kwa miaka mingi. Hii sitaki kuijaza.

Nianzie ghalani.

Ulipotafuta mahali pa kutupimia ulikataa kila mahali. Darasani, ukasema kuta zinarudisha sauti. Kanisani, mwangwi. Nyumbani, mama yako. Mwisho ukaomba ghala la chama cha wakulima kule kijijini karibu na karasha, wakati ule pamba imejaa humo hadi karibu na mabati. Ulinipeleka kwanza mimi peke yangu, ukaniambia, "Baba, piga kofi." Nikapiga. Likafa palepale, kana kwamba kuna mtu amelidaka. Nikapiga jingine, nalo likaenda njia hiyohiyo. Ukacheka, ukanieleza kwamba katikati ya nyuzi za pamba kuna hewa, na sauti ikiingia humo inahangaika huku na huku mpaka inachoka, haipati nguvu ya kurudi. Nimelima pamba tangu nikiwa na meno ya utoto, nikaiita kila jina baya, lakini sikujua kwamba ina adabu hiyo.

Ukatuketisha mmoja mmoja kwenye kigoda, mgongo kwako, uso kwenye lundo la pamba, hedifoni kichwani. Wewe nyuma unabonyeza kitufe, mlio unatoka, mkubwa kwanza, halafu mdogo, halafu mdogo zaidi. Anayesikia anyooshe mkono. Ulifikiri kila kitu. Hukulifikiri jua.

Uliacha mlango wazi upate mwanga wa kuandikia, na ilikuwa alasiri. Jua likaingia kwa nyuma yako, likachukua kivuli chako chote likakitandaza juu ya pamba mbele ya macho yangu. Umewahi kuona kitu cheupe kama pamba mpya? Nilikuona mzima: kichwa, kalamu sikioni, na kiwiko. Kila ulipobonyeza, kiwiko kilipanda kidogo.

Mlio wa kwanza niliusikia kweli. Wa pili pia, nadhani. Wa tatu nikaona kiwiko kimepanda, na masikioni mwangu hamna kitu. Nikangoja. Kimya. Mkono wangu ukanyooka wenyewe.

Ukasema, "Safi sana, baba."

Hilo nililisikia. Ulilisema kwa furaha, na furaha ina sauti nene.

Nilipotoka nje, Masunga alikuwa amechuchumaa ukutani akingoja zamu yake. Masunga unamjua, tulianza karasha siku moja, na siku hizi ukitaka kumwambia jambo lazima umshike bega kwanza kama unamwamsha. Siku nzima alikuwa anatutia hofu wote. Alikuwa amesikia, ingawa sijui kwa sikio lipi, kwamba atakayeshindwa kipimo jina lake litapelekwa kwa bosi na atatolewa mashineni.

"Ngosha, mwenzangu, vipi humo?"

"Rahisi."

"Rahisi nini? Mimi kengele ya kanisa naiona tu inacheza. Kalamu ya mtoto wako itatumaliza."

"Tazama pamba."

"Eh?"

"Tazama pamba! Kiwiko kikipanda, na wewe pandisha!"

Nilipiga kelele kama mchunga ng'ombe. Wewe ulikuwa ndani, hatua kumi hivi kutoka kwetu, hedifoni masikioni ukizijaribu, na hukusikia neno. Pamba ilimeza na hilo. Masunga akanitazama, uso ukamfunguka taratibu. "Kumbe," akasema, "elimu inaweza kumwingia mtu hata akizeeka." Akaingia. Aliyemfuata akaambiwa na Masunga, na aliyefuata akaambiwa na huyo, na jua likatusubiri mpaka mtu wa tisa.

Tulicheka njia nzima kurudi. Nakwambia ukweli, tulicheka kama watoto walioiba karanga.

Halafu jioni ukaja nyumbani umeng'aa. Ukasema, "Baba, nyinyi ni watu wa ajabu! Sikutegemea hivi." Nami nikaona kwamba kicheko chetu kimeanza kuota mizizi, maana hukuishia kwenye kushangaa. Mtu mwenye akili hawezi kuacha jambo la kushangaza likae tu, atalitafutia sababu. Ulikaa siku tatu na kalamu. Ukachora karasha letu, pipa katikati, sisi pembeni, na mishale midogo mingi inayopanda juu na kupotelea angani. Ukanieleza kwamba kwenye makarasha yaliyoezekwa bati, sauti inagonga bati na kumrudia mtu kichwani, lakini letu halina paa, kelele zinatoroka. Labda ndiyo maana masikio yetu yamesalimika. Ulikuwa mchoro mzuri, Kabula. Niliutazama, nikafuata mishale yako mmoja mmoja, na nusura niamini mwenyewe kwamba nasikia.

Wale wa Dar wakaupenda. Ulitusomea ujumbe wao mezani, nami nikatazama mdomo wako na kutabasamu mahali pa kutabasamu.

Na bosi wa karasha naye akausikia. Alikuwa ameahidi kuwanunulia vifuniko vya masikio wale vijana wanne walioanza mwaka huu. Juma lililopita kijana mmoja akamkumbusha. Bosi akacheka. "Vya nini tena? Si binti wa mzee wenu amepima? Miaka kumi na minane, mtu mzima kabisa! Kazi hii ni dawa ya masikio." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu nilipoona wengine wanacheka nilijua ni mahali pa kucheka. Masunga ndiye aliyenieleza baadaye bosi alisema nini, kwa mikono.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mama yako anadhani ni kwa sababu unaondoka. Nusu yake ni kweli.

Sikuzaliwa hivi, usidhani. Nilipokuwa kijana, wewe ukiwa bado mchanga, kule upande wa Geita, sikio langu ndilo lililonipa kazi. Wewe umepima kelele za karasha kwa simu, mimi nililisikiliza kwa mwili. Lile pipa la chuma linazunguka na mipira ya chuma ndani, na mawe ya mtu yamo humo yanasagwa. Hakuna dirisha la kuchungulia. Mawe yakiwa bado makubwa, pipa linagonga kama mwenye nyumba aliyekasirika anayefunga milango. Yakianza kuvunjika linakoroma. Yakiwa laini kama unga, sauti inabadilika kabisa, inakuwa kama mvua kubwa ambayo bado haijakufikia, iko juu ya shamba la jirani. Hapo ndipo unafungua. Ukifungua mapema, dhahabu inabaki imefungiwa ndani ya chembe, maji yanapita juu yake na kwenda nayo, na mwenye mawe anarudi nyumbani na vumbi. Ukichelewa unakula mafuta ya watu bure. Walinifuata kutoka makarasha mengine waseme, "Njoo utusikilizie." Nikaringa. Nilivaa kofia upande ili sikio lionekane.

Tulikuwa tunawacheka waliojiziba kwa pamba. Ndiyo, pamba ileile. Tulisema mtu anayejiziba atalisikiaje jiwe?

Lilipoanza kuondoka sikulijua, maana masikio hayaagi. Mbu walitangulia. Niliona mbu wa Nyasubi wamepungua, nikawasifu watu wa afya kwa kazi nzuri, mpaka mama yako akaniuliza hayo mapele mkononi ni ya nini. Wakafuata ndege wadogo. Halafu sauti za watoto na za wanawake, zile nyembamba za mbele ya mdomo. Wewe mwenyewe ulianza kunong'ona, nilidhani ni umri, umeanza aibu. Kumbe ulikuwa unapiga kelele.

Nikajifunza ujanja. Kijana akinijia mdomo unacheza, namjibu haraka, "Marahaba, hujambo?" Ni jibu zuri, linafaa karibu kila mahali. Wakaniona mzee mwenye heshima. Siku moja nilimjibu hivyo mtu aliyekuwa ananiambia mkanda wa injini umeshika moto. Yule mtu alisimama pale na heshima yake yote hajui afanye nini. Na mama yako, unajua anavyosema: "Niliolewa na mtu, sasa naishi na ukuta." Hilo nalisoma mdomoni bila taabu, analisema mara nyingi.

Ungekuwa ni mzaha wa nyumbani tu nisingekuandikia. Sasa nikwambie jambo ambalo sikulisema hata kwa mama yako mpaka juzi.

Mama Ndaki, yule anayeuza michembe pale sokoni Nyasubi, anayeniongezea kila nikinunua. Ulipokuwa darasa la tatu alikuwa na duara lake, shimo la dhahabu aliloachiwa na marehemu mumewe. Shemeji yake alilitaka duara lile, wakagombana, akabaki nalo yeye. Alichimba na kaka zake wawili, akaleta viroba vya mawe kwetu, akakaa chini ya turubai la kando siku nzima akilitazama pipa kama mtu anayeangalia mtoto mgonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa mashineni. Nikasikiliza. Nikasikia mvua. Nikasema fungua.

Walipoosha, hakikutoka kitu. Vijichembe vichache, vya kukutia aibu.

Akanijia. "Baba Kabula, umesaga vizuri lakini?"

"Mayu, mama, pipa limesema lenyewe. Mawe yako hayana kitu."

Akashukuru. Alinishukuru, Kabula. Alipoondoka nikaingiza mkono kwenye mchanga uliobaki. Ulikuwa mkubwa kama mtama. Mvua niliyoisikia haikuwa ya pipa, ilikuwa ndani ya kichwa changu, ule mvumo ambao siku hizi ninao mchana na usiku. Nilijua dakika ileile. Ningemwita, alikuwa bado hajafika barabarani, nimeuona mgongo wake. Tungesaga upya. Lakini wangeuliza kwa nini, na mtu wa sikio angejibu nini? Nikaurusha mchanga wake kwenye lundo la bosi, ukachanganyika na wa wengine.

Alifunga duara. Akaanza michembe.

Baada ya hapo niliogopa, na woga ukanifundisha kitu ambacho nadhani ni cha kweli, kwa hiyo kiweke kando, tutakirudia. Nilikuwa napiga mswaki wa mti huku nimeegemea chuma kinachobeba pipa. Mti ukagusa chuma, na ghafla pipa likaniingia kichwani lote! Kugonga, kukoroma, mvua, kila kitu. Kama zamani. Tangu siku hiyo ninasikiliza kwa meno. Nauma kijiti, nagusa chuma, nangoja. Nilikuficha na wewe, nikawaambia watu ninapenda meno safi. Kichekesho ni kwamba vijana wakaona mzee mwenye sikio hakosi mswaki, wakadhani ni dawa. Sasa ukipita kwenye makarasha yetu utaona kila mtu wa mashineni ana kijiti mdomoni, na wale wasiojua wanakitafuna tu.

Sijui kama kwa meno ninasikia au ninahisi. Hilo utaniambia wewe. Lakini ni kitu nilichokiona kwa kurudia, kila siku, kwa miaka, bila kumdanganya mtu juu yake zaidi ya usafi wa meno. Ungeniuliza kwenye ghala lile ningekupa hiki. Nikakupa kivuli.

Jumatatu nilikwenda sokoni. Nilitaka kujaribu kwanza kwa mwingine, nione kama kukiri kunaua. Mama Ndaki akaanza kupima michembe, akaongeza konzi juu kama kawaida yake.

Nikamwambia. Nilisema haraka, yote, la pipa na la mchanga, nikamtazama mdomo.

Alikaa na konzi lake hewani. Akasema polepole, nilisoma vizuri: "Kumbe ni masikio?"

"Ni masikio, mayu."

"Mimi nilijua ni shemeji. Nilijua amelifunga lile duara kwa dawa zake. Baba Kabula, miaka yote hii sijamsalimia yule mtu. Mkewe alifiwa, sikwenda msibani. Msibani!"

Marahaba haikufaa hapo.

Akarudisha lile konzi la nyongeza ndani ya kikapu. Akafikiri, akarudisha na la pili. Akasimama, akamwambia mwenzake wa meza ya jirani amwangalizie, akajifunga kanga. "Nyumba yake iko njia ya Maganzo bado?" akamuuliza yule mwenzake. Akaondoka kuelekea stendi bila kuniaga. Nimelipa bei kamili kwa michembe pungufu, na hiyo ndiyo uliyofungiwa. Ukiila, ujue.

Nilirudi nyumbani ninawaza jambo moja. Mimi nilisema uongo mfupi, maneno matatu: hayana kitu. Nilidhani umeishia pale. Kumbe yeye alikwenda nao nyumbani, akauliza kwa nini hayana, na akapata sababu, na sababu ikawa na jina na nyumba na mke aliyefiwa. Alijenga vizuri, kwa akili yake yote, juu ya mchanga wangu. Nikakumbuka mishale yako inayopanda angani. Nikaona ni jengo lile lile.

Kwa hiyo jana nikawaita wenzangu. Nilijua watanikasirikia. Wawili waliondoka kabla sijamaliza. Mmoja akasema, "Wewe mtoto wako anapata kazi, sisi tunapoteza zetu." Ana haki ya kusema hivyo. Masunga alikuwa ameinama, nikadhani hajasikia, nikamshika bega.

"Nimesikia," akasema. "Nawafikiria wale vijana wanne. Yule mdogo jana nilimwita mara tatu akiwa amenipa kisogo. Nikadhani ana kiburi."

Watu sita, na mimi nikiwamo, wamekubali upime upya. Atakayeondolewa mashineni tutamsemea kwa bosi sote sita, na kama hatasikia, basi atakuwa amekuwa kama sisi.

Sitakwambia ufanye nini kuhusu Dar. Sijui watafiti hupokea vipi habari kama hii. Labda watasema msichana huyu hakuona hata kivuli chake mwenyewe, arudi kwao. Labda wako waliowahi kudanganywa na watu wazima kabla yako. Nilitaka kuandika kwamba yote yatakuwa sawa, kisha nikakumbuka kwamba nimeshakupa taarifa ambazo sikuwa nazo. Ninachojua ni kwamba umeshajifunza kuuliza vizuri. Kosa halikuwa kwenye maswali yako. Lilikuwa limekaa kwenye kigoda, limevaa hedifoni, linakuita mwanangu.

Ukikasirika, kasirika. Usikasirike ukiwa umegeukia dirisha tu. Nigeukie, nikasirikie kwa mbele, nikuone mdomo.

Sasa, ukirudi kutoka kwa bibi utaona chumba chako kimeharibika. Magodoro yote matatu ya nyumba hii nimeyasimamisha ukutani, na mablanketi nimeyatundika mlangoni na dirishani. Mama yako aliniuliza kama nimerukwa na akili, nikamjibu marahaba, lakini safari hii kwa makusudi. Nimepiga kofi humo ndani. Halikufa kama la ghalani, lakini limeugua vya kutosha.

Mama yako atakupa barua hii mlangoni, kabla hujavua viatu. Masunga na wenzake nimewaambia waje saa moja. Kwa jinsi wanavyosikia, watakuja saa mbili. Nataka niwe wa kwanza. Kigoda kipo katikati ya chumba, na juu yake kuna kitenge cha mama yako, kile kizito cheusi. Nifunge nacho macho. Zungusha mara mbili, kaza, maana unanijua.

Kisha bonyeza. Na pale mkono wangu usiponyooka, andika.

Baba yako